Mraba wa Kijani Nyuma ya Kiti cha Abiria

Saa kumi na mbili kasorobo jioni nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha Huzaifa, katikati ya mji wa Kisumu, nikilichagulia gari langu macho.

Nilikuwa na sababu. Wiki mbili kabla, pale Kondele, mwendesha boda boda alinigonga ubavuni huku akitazama msichana wa upande wa pili wa barabara. Mlango wa nyuma wa kushoto ukabonyea na mkono wake wa kufungulia kwa nje ukang'oka. Nikashuka kujitetea. Mashahidi kumi na wanane wakajitokeza. Wote kumi na wanane, wakati wa ajali, walikuwa wameinamia mahindi ya kuchoma, na wote kumi na wanane waliona kwa macho yao kwamba mwenye makosa ni mimi. Siku hiyo niliapa. Mimi, MC Ooko, mchekeshaji wa harusi, matanga na sherehe za vyama vya akina mama, nitanunua shahidi wangu mwenyewe. Asiyekula mahindi.

Huzaifa alinipangia kamera tatu juu ya meza ya kioo. Alikuwa anataka kufunga akaswali magharibi, kwa hiyo alizungumza mbio.

"Mzee, hii ya kwanza ni jicho moja. Inaangalia mbele tu. Bei yake hata wewe utacheka. Ya pili unaivisha juu ya kioo cha kutazamia nyuma, kama miwani. Nzuri, lakini jua la hapa likiipiga kutwa, betri inavimba kama mandazi. Hii ya tatu…" Akashusha sauti, kama mtu anayemtaja binti wa chifu. "Macho mawili. Moja barabarani, moja ndani."

"Ndani nitaona nini?"

"Dereva. Ikipata uso wa mtu inauchorea mraba wa kijani. Ukisinzia inakupigia kelele. Ukigongwa, au gari likitikisika sana, inakifungia kile kipande cha video kisifutwe."

Simu ikalia. Alikuwa Maximilla, mke wangu, anayeuza nguo za watoto za mitumba pale Mamboleo. Kila jioni huwa nampitia tukienda nyumbani Manyatta.

"Baba Lorine, umenunua?"

"Bado natazama."

"Chukua ya jicho moja. Ndani ya gari kuna nini cha kutazama? Sura yako tunaijua."

Huzaifa alisikia, akacheka mpaka akashika meza. Na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa sababu ya kuchekwa na mtu ambaye hakulipa kiingilio. Miaka ishirini na mitatu niko jukwaani. Kamera inayowaona watu wote isipokuwa mimi, ya kazi gani?

"Funga hiyo ya macho mawili," nikamwambia.

Akaibandika kwenye kioo cha mbele, akapitisha waya mpaka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kioo chake kidogo kikawaka, nusu barabara, nusu ndani ya gari. Nikajiona. Mraba wa kijani ukaja ukanizunguka uso. Nikiinama, unainama. Nikitoa ulimi, unanifuata tu kwa heshima zake. Huzaifa akaingiza kichwa dirishani, na mraba wa pili ukamkamata.

"Umeona, mzee? Haikosei mtu."

Akaniaga, akashusha mlango wa kibanda chake. Nikawasha gari. Mwanamke aliye ndani ya kamera akaniarifu, kwa Kiingereza cha puani, kwamba ameanza kurekodi. Nikajitazama mara ya mwisho, nikatengeneza kola.

Mraba mmoja juu ya uso wangu.

Na mwingine.

Mdogo. Pembeni mwa picha. Nyuma ya kiti cha abiria.

Nikageuka. Kiti kitupu. Leso ya Maximilla, mwavuli, basi. Niliporudisha macho kwenye kamera, mraba wa pili haukuwapo. Nikacheka. Nikajiambia kamera imedanganywa na kichwa cha kiti. Nina mjomba anayefanana kabisa na kiti, na hakuna aliyewahi kukimbia.

Nikaondoka.

Kabla sijafika mbali, lazima nikuambie habari za Owiti, maana bila yeye hutaelewa kilichonipata.

Owiti alikuwa fundi wangu wa mitambo ya sauti. Miaka kumi na moja tumezunguka pamoja, mimi na mdomo, yeye na spika. Gari lilikuwa hili hili, na kiti chake kilikuwa kile kile, nyuma ya abiria. Alisema mbele hakai kwa sababu breki zangu nazo ni vichekesho. Kabla ya kila shughuli alikuwa akigonga maikrofoni kwa kidole, tap, tap, halafu anasema kwa sauti yake nzito, "Wani… tu…" Hakusema tatu hata siku moja. Tatu ilikuwa yangu. Nilikuwa naitupa kutoka nyuma ya pazia, "Tatu," na ngoma inaanza, na watu wanajua Ooko amefika.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kisiwani. Mimi nikarudi asubuhi kwa shughuli nyingine, yeye akabaki kukusanya vyombo. Upepo ukapindua mashua yao. Abiria wengine wote waliokolewa. Spika zilipatikana. Owiti hakupatikana.

Walimtafuta siku tisa. Sasa, mtu akifia majini na ziwa likakataa kumtoa, ukoo wao huzika yago mahali pake, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu. Lakini tunda ni la kaburi tu. Mwenyewe lazima akachukuliwe pale alipobaki. Mzee Absalom, baba yake mdogo, aliniita pembeni akanipa maagizo. Litumike gari langu, kwa kuwa ndilo alilolizoea. Niende nalo hadi ukingo wa maji, nifungue mlango wa upande wake, nimwite kwa jina, nimwambie, ingia twende nyumbani. Njiani nisimpakie mtu mwingine. Nikifika bomani, kabla ya kusalimia yeyote, nifungue mlango ule ule nimwambie, tumefika, shuka.

"Aliyemwingiza ndiye amtoe," mzee alisema. "Mdomo uwe mmoja."

Hayo yalikuwa Jumamosi. Nilifanya kama nilivyoagizwa. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Na jioni hii ninayokusimulia ilikuwa Jumanne.

Kondele magari yalikuwa yamebanana. Jua lilikuwa linazama nyuma yangu, na ndani ya gari kulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Niliimba kidogo. Nikapiga mluzi. Kamera nikawa siitazami, jinsi usivyomtazama mtu anayekudai salamu.

Tap.

Nikadhani ni jiwe limeruka chini ya gari.

Tap… tap.

Hapana. Ilitoka nyuma. Sauti ya kidole kwenye wavu wa maikrofoni. Naijua sauti hiyo kuliko ninavyoijua kengele ya kanisa langu.

Halafu, taratibu, kama mtu anayeongea akiwa na maji mdomoni…

"Wani… tu…"

Msomaji, mimi si mjinga. Najua kwamba ukisikia sauti usiyomwona mwenyewe, unanyamaza, huitiki. Bibi yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kunawa. Lakini miaka kumi na moja ni miaka kumi na moja. Mdomo ulikwenda peke yake.

"Tatu," nikasema.

Kla.

Vitasa vya milango yote minne vikashuka pamoja, milango ikajifunga.

Nikavuta cha kwangu. Hakikuinuka. Nikabonyeza kidude cha dirisha. Dirisha likakaa. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka kidole kikauma. Ndipo harufu ikaja. Si harufu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa harufu ya alfajiri ufukweni. Matope, magugu maji, kamba mbichi. Harufu ya kitu kilichokaa chini sana, sasa kimepanda.

Viatu vyangu vikawa baridi.

Nikatazama chini. Maji.

Maji ya rangi ya majani, yametulia, yamefika kwenye kamba za viatu. Gari liko Kondele, kwenye lami kavu, mvua haijanyesha wiki nzima.

Nikainua macho kwa kamera. Sikutaka. Yalikwenda.

Mraba wangu. Na mraba wake. Safari hii haukuwa mdogo. Alikuwa amesogea mbele, kama abiria anayetaka kukuuliza kitu. Ndani ya mraba wake hakukuwa na uso. Kulikuwa na kiti, leso na mwavuli. Lakini mraba ulikuwa unapanda na kushuka, polepole…

Kama mtu anayehema.

Magari yakasogea. Nikasogea nayo. Ungefanya nini wewe? Nilipiga honi, na honi ikatoa sauti ya mapovu. Nilitafuta simu mfukoni, ilikuwa imeshalowa na kuzima, ingawa maji hayakuwa yamefika mfukoni. Maji yakafika kwenye muundi. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu. Mamboleo kuna watu. Kuna mafundi wa magari, kuna wabeba mizigo, kuna wanaume wenye nyundo. Nikifika Mamboleo nitatolewa.

Nilifika maji yakiwa magotini. Nikapanda na gari hadi mahali pa wauza nguo, nikasimama katikati ya watu. Nikaanza kugonga kioo kwa viganja viwili.

"Nitoeni. Naomba mnitoe. Vunjeni kioo."

Mwendesha boda boda mmoja akaniona. Akainama, akanitazama vizuri. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Jameni, ni MC Ooko."

Wakaja. Wakaja wengi. Nikawa napiga kelele, nalia, napiga kioo kwa kiwiko, na kila nilivyozidi, ndivyo walivyozidi kucheka. Simu zikatolewa. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alicheka mpaka akalazimika kulishusha. Nikakunja mikono kuwaomba kwa jina la Mungu, wakapiga makofi.

"Ongeza, MC. Hapo kwa kulia, ongeza."

"Huyu jamaa ni moto. Ona machozi ya ukweli."

"Amejifungia ndani ya gari, omera, ndugu yangu, eti anazama."

Nimeota kuwa na umati kama ule maisha yangu yote.

Maji yalikuwa yamefika kwenye kiti. Wao hawakuyaona. Vioo vilikuwa vimeanza kuingia ukungu kwa ndani, na mimi nilikuwa nyuma ya ukungu huo, nachekwa. Ukitaka kumzika mtu akiwa hai, mfanye kwanza awe mchekeshaji. Hakuna atakayekuletea jembe.

Mtu mmoja hakucheka.

Maximilla alipenya katikati yao akiwa na mfuko wake wa nguo kwenye bega. Yeye anajua uso wangu wa kazi na uso wangu wa nyumbani. Akavuta mlango wangu. Akazunguka akavuta wa mbele wa kushoto. Wa nyuma kulia. Wa nyuma kushoto hauna mkono wa nje, akaupapasa tu, akaondoa kiganja haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akarudi kwangu, akaweka midomo kwenye kioo.

"Baba Lorine. Ni nini?"

Sauti yake ilinifikia kama ya mtu aliye juu ya kisima. Nikajaribu kumjibu, lakini koo lilikuwa limekauka, kichekesho hicho, maji kiunoni na koo limekauka. Nikaandika kwa kidole kwenye ukungu. Herufi tano, nikizigeuza ili azisome.

OWITI.

Akazisoma. Nikaona uso wake ukipauka. Watu nyuma yake bado walikuwa wanapiga makofi.

"Jumamosi," akasema, taratibu, akinikazia macho. "Bomani. Ulimfungulia mlango? Ulimwambia ashuke?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo.

Nikajiona nikiingia bomani Jumamosi ile. Watu mia tano. Turubai tatu. Na katikati, maikrofoni imesimama peke yake, haina mwenyewe. Mlevi humwonyeshi chupa. Nilishuka kwa mlango wangu nikaenda moja kwa moja. Wanaume wakatoa yago kwenye buti kwa heshima. Mimi nikashika maikrofoni, nikaanza na kile kichekesho cha Owiti na mchungaji, na waombolezaji wakacheka mpaka mjane akafuta machozi ya aina nyingine. Tukazika tunda. Tukala. Nikarudi nyumbani.

Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa nje. Ilipasa nipande ndani niusukume, kama nilivyofanya ziwani kabla sijabadili nguo. Nilikuwa nimevaa suti ya maua. Sikupanda.

Siku tatu. Jumamosi usiku tulipeleka mkate kwa dada yangu. Jumapili kanisani. Jumatatu nilipeleka viti harusini. Siku tatu nimezunguka naye mji mzima, kaka yangu, amekaa kimya anasubiri aambiwe amefika.

Nikatikisa kichwa.

Maximilla alifumba macho. Alipoyafumbua, alisema neno moja tu.

"Mpeleke."

Kwa kina Owiti ni Kajulu. Kutoka Mamboleo si mbali, ukiwa mzima. Niliendesha maji yakiwa kwenye mbavu, nikishika usukani nisiouona. Miguu ilikuwa inatafuta kanyagio chini kama mtu anayetafuta sabuni iliyoanguka kwenye beseni. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia. Kwenye kioo cha pembeni niliona taa moja ya boda boda ikinifuata, nikajua ni Maximilla.

Kila tuta la barabara, maji yaliruka yakanipiga kidevu. Kila tuta, mwanamke wa ndani ya kamera alisema kwa utulivu kwamba amekihifadhi kipande hiki.

Na nyuma…

"Wani… tu…"

Nikauma ulimi.

"Wani… tu…"

Karibu zaidi. Sikio la kushoto. Baridi.

"Owiti," nikanong'ona. "Nisamehe, omera. Nilikusahau. Niliiona maikrofoni nikakusahau."

Kisha kitu kikaegemea bega langu kutoka nyuma. Kizito, kilicholowa. Jinsi alivyokuwa akilala tukitoka kwenye shughuli za mbali.

Maji yalikuwa shingoni nilipoiona miti ya uzio wa boma lao. Geti la mabati lilikuwa wazi. Nikaingia, nikasimamisha gari mahali pale pale pa Jumamosi, kaburi mbele ya taa zangu, udongo bado mwekundu. Nikavuta breki ya mkono chini ya maji.

Kulikuwa na njia moja. Nipite katikati ya viti, niende nyuma, ninyooshe mkono juu ya mahali alipokaa, niusukume mlango.

Nikavuta pumzi. Nikaingia chini.

Mle ndani mlikuwa na rangi ya kijani. Taa ndogo ya kamera ilikuwa inapenya majini, na niliiona leso ya Maximilla ikielea, imefunguka, kana kwamba kuna kichwa ndani yake. Nikapapasa. Nikagusa kitambaa cha kiti. Nikagusa kitambaa kingine, na hicho kilikuwa na kifungo. Shati. Sikuacha. Nikasogea mbele zaidi, kifua changu kikapita juu ya mapaja ya mtu, vidole vikapata kitasa cha mlango.

Mkono ukaja ukafunika mkono wangu.

Haukunivuta. Haukunizuia. Ulikaa tu juu ya wangu, wenye vidole virefu vya fundi wa nyaya, ukingoja.

Niliyasema majini, na sijui kama ilikuwa sauti au mapovu.

"Owiti. Tumefika nyumbani. Shuka."

Mlango ukafunguka.

Nilitoka kwa mlango huo huo. Nilianguka kwenye nyasi, kifudifudi, nikikohoa. Nilidhani mto utanifuata. Hapakuwa na mto. Nyasi zilikuwa kavu. Suruali yangu ilikuwa kavu, shati limenyooshwa kama lilivyotoka kabatini. Nikabaki nimelala nikisikiliza panzi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikafanya vyote viwili kwa mpigo, bila ufundi.

Mzee Absalom alitoka nyumbani kwake na tochi. Hakuuliza ninafanya nini hapo. Alilimulika gari, akalimulika kaburi, akanimulika mimi. Mwanga ukakaa kwenye ule mlango uliokuwa wazi.

"Amekwenda?" nikamuuliza.

"Amekwenda." Akaurudisha mwanga kwangu. "Na wewe umetokea mlango upi, Ooko?"

"Huo, mzee. Mingine imejifunga."

Mzee alizima tochi.

"Ulitamka mara ngapi?"

"Mara moja."

Nilimsikia akivuta pumzi gizani. "Neno moja, mlango mmoja," akasema, polepole. "Mkashuka wawili."

"Ina maana gani, mzee?"

"Sijui. Haijawahi kufanyika." Akanishika mkono akanisaidia kusimama, halafu akaupangusa mkono wake kwenye koti. "Nenda nyumbani. Mkeo akuite njiani. Asichoke kukuita."

Maximilla alikuwa ameshafika, anamlipa mwendesha boda boda getini. Vitasa sasa vilipanda vyenyewe. Niliketi nyuma ya usukani, nikavua kiatu cha kushoto kilichokuwa kinanisumbua, nikakung'uta. Omena mmoja, dagaa wa ziwani, akaanguka kwenye mkeka wa gari. Bado alikuwa anacheza.

Kamera ikawaka. Yule mwanamke akatoa mlio nisiowahi kuusikia, ti-ti-ti, akasema kitu kwa Kiingereza chake.

"Anasemaje?" nikauliza. Kwa Kiingereza, Maximilla ndiye mtaalamu.

"Anasema dereva haonekani."

Nikasogea mbele. Nilijiona vizuri kwenye picha, uso wote, kola na masharubu. Mraba ulikuwa juu ya Maximilla peke yake.

Kesho yake, jua bado liko juu, tulikuwa kwa Huzaifa. Alisema ni vumbi, akafuta lenzi kwa kitambaa. Aliketi kwenye kiti changu, mraba ukamkamata mara moja. Maximilla akaketi, ukamkamata. Mimi nikaketi.

Ti-ti-ti.

Huzaifa alirudia mara tatu. Mara ya nne hakufanya mzaha tena, na hakutaka kuingiza kichwa dirishani. Alikwenda kibandani, akarudi na ile kamera ya jicho moja, akaiweka juu ya boneti.

"Mzee, chukua hii. Hii haiangalii ndani. Pesa zako zilizozidi nitakurudishia zote."

"Ngoja kwanza," Maximilla akasema.

Alikuwa hakulala. Usiku kucha aliniita jina, nami nikaitika, akaniita tena. Sasa alinishusha kwenye gari kama mtoto, akanisimamisha barabarani. Akaufungua mlango wa dereva kwa mikono miwili. Akaifunga leso yake kiunoni. Wapita njia walianza kunitambua, wakaanza kutabasamu, wakitafuta simu mifukoni.

"Ooko," akasema. "Ingia, twende nyumbani."

Nikaingia. Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikainua uso kwa kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mlio wa ti-ti-ti ukakoma.

"Umeona?" nikasema. "Imeniona."

Maximilla alikuwa ameinama mlangoni, anakitazama kioo cha kamera, na mkono wake ulikuwa mdomoni. Nikafuata macho yake.

Usoni kwangu hakukuwa na kitu. Mraba wa kijani ulikuwa umetulia nyuma ya kiti cha abiria, unapanda na kushuka, taratibu.

Ile ya jicho moja tuliichukua, na ndiyo iliyomo garini hadi leo. Na wewe ukienda kwa Huzaifa, mwambie akupe hiyo. Lakini kwanza nimalize.

Maximilla aliinua kichwa. Alinipita mimi kwa macho. Akageukia kiti cha nyuma, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa leso nyingine na mwavuli, akaita kwa sauti ya chini, ile ya chumbani, ambayo huniitia mimi tu.

"Baba Lorine?"

"Naam," nikaitika.

Yeye akaendelea kungoja, macho kwenye kiti cha nyuma.